Tulipokwenda Kumlilia Mdakaji

Asubuhi moja ya mwezi wa nne niliondoka Newburg, mtaa wetu wa wakimbizi pembezoni mwa Louisville, Marekani, bila kujua ninakwenda wapi. Binamu yangu alikuwa amerudi kutoka uwanja wa ndege, ambako alipakia mizigo usiku kucha, na alikuwa amelala na viatu miguuni. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya ghala juma moja nyuma. Sababu nisingeweza kumweleza akaielewa: nilikuwa nimeshajua kila kitu kilichofanyika mle ndani, na kitu nikishakijua chote, miguu huanza kuniwasha. Ndivyo nilivyoacha shule pia, kambini kule Kigoma, darasa la tano. Mwalimu alirudia somo la mwaka uliopita, nikatoka kwenda kuangalia lori la mahindi likishushwa, na sikurudi tena.

Nilipanda basi la kwanza lililosimama, nikashuka katikati ya Louisville, karibu na mto. Hapo nikasikia mlio mkavu, kama ubao unaopasuka, na nyuma yake kelele za watu wengi. Nikaufuata mlio hadi kwenye uzio wa chuma. Ndani kulikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele za bwana harusi, na juu yake wanaume wazima waliovaa suruali kama za kulalia, wengi wao wamesimama tu, wakitema maganda ya alizeti. Mmoja alirusha mpira, wa pili akaukosa kwa gongo, wa tatu akaudaka nyuma yake akiwa amechuchumaa. Wakarudia hivyo hivyo mara nyingi sana. Kisha mpira mmoja ukapigwa ukaangukia kwa watazamaji, mzee mmoja akautia mfukoni, na hakuna aliyekwenda kumdai. Nilishtuka. Mpira mpya wa ngozi, mbele ya macho ya watu wote, na mchezo ukaendelea na mwingine.

Nilikaa pale mpaka mwisho, kwa sababu nilitaka kujua mwisho wake unajulikanaje. Watu walipotoka nilizunguka nyuma ya uwanja. Mwanamume mwenye upara alikuwa anahangaika na toroli la nguo chafu ambalo gurudumu lake lilikuwa limekwama kwenye mfereji. Nikalinyanyua. Akaniuliza kama nina kazi, nikasema sina, akaniambia niendelee kusukuma.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye besiboli, kwa mlango wa dobi.

Kazi yangu ilikuwa kufua. Udongo wa uwanja ule ni mwekundu, unang'ang'ania kitambaa kama kutu, na suruali ni nyeupe. Anayewaza kuvalisha watu nguo nyeupe ili wakajiburuze kwenye udongo mwekundu hajawahi kufua. Kila mchezaji alikuwa na mkanda wake wenye namba. Baada ya mchezo alitunga soksi na nguo za ndani kwenye mkanda huo, akaufunga na kuutupa kwenye pipa. Mashine ilifua kila kitu kikiwa kimetungwa hivyo hivyo, nami nikarudisha kila mkanda kwenye kabati la mwenyewe. Makabati hayakuwa na milango. Juu ya kila moja palikuwa na utepe ulioandikwa jina kwa kalamu nene.

Wachezaji wote waliurusha mkanda wao kwa mbali, isipokuwa mmoja. Huyo aliniletea mkononi. Alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinyago cha chuma usoni, na kwa kuchuchumaa miaka yote ile magoti yake yalilia alipopanda ngazi. Alitoka Jamhuri ya Dominika. Aliniuliza kama kwetu wanacheza besiboli, nikamwambia hapana, akanipa pole kwa dhati kabisa, kama mtu aliyesikia kwamba kwetu hakuna maji. Akawa ananiita primo, yaani binamu kwa Kihispania. Mimi nikamwita mzee. Alipojua maana yake alilalamika kwamba ana miaka thelathini na tatu tu. Nikamwambia humu chumbani hakuna aliyemfikia, na wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo vijana wote wakawa wanamwita mzee, kwa lafudhi za kila aina.

Yeye ndiye aliyenieleza mambo yalivyo. Timu ile haikuwa ya juu kabisa. Ilikuwa ngazi moja chini ya timu kubwa ya mji mwingine, na timu za Columbus na Buffalo zilikuwa vivyo hivyo, kila moja chini ya mkubwa wake. Kila kijana pale alikuwa anasubiri kuitwa juu. Nikamuuliza yeye anasubiri nini. Akasema ameacha kusubiri kuitwa. Alitaka jambo moja tu. Baba yake, mkata miwa aliyemfundisha kudaka kwa glavu ya turubai, hakuwahi kumwona akicheza Marekani. Safari hii amepata viza, na angefika juma la mwisho la msimu.

"Nikimaliza huu msimu, naacha," aliniambia. "Ila aniangalie kwanza. Hata kama ni mchezo mmoja, primo. Hata kama tunafungwa."

Kuanzia hapo nilifuata msimu kwa ajili ya yule mzee wa miwa ambaye sijamwona. Mei tulishinda, Juni tulipoteza mpaka bosi wangu, yule mwenye upara, akaacha kuzungumza. Joto la Julai lilipofika, nguo zilitoka kwenye mashine na kukauka kabla sijazikunja. Mdakaji alicheza siku mbili na kupumzika moja. Nilikuwa naiangalia suruali yake kwanza kuliko zote: ikiwa na udongo, amecheza, na siku yangu inakuwa nzuri.

Mwezi wa nane, katika mchezo wa jioni, mpira ulichubua gongo ukampiga kwenye kinyago. Nilikuwa mlangoni na taulo. Alianguka chali. Alikaa, akasimama, akayumba, na daktari wa timu akamshika mkono wakaondoka naye. Watu walipiga makofi kidogo. Sikumwona tena jioni ile.

Asubuhi yake nilifika kazini mapema. Kabati lake lilikuwa tupu. Viatu havikuwepo, glavu haikuwepo, picha ya mtoto wake haikuwepo. Utepe wa jina ulikuwa umebanduliwa na kuacha alama ya gundi. Mkanda wake nilioufua usiku na kuuacha kwenye mashine ulikuwa mezani kwa bosi, umefunguliwa, hauna soksi hata moja. Vijana waliingia mmoja mmoja, wakaangalia lile kabati, wakainamisha macho na kuvaa kimya kimya. Mmoja, mrushaji aliyezoea kumtania sana, alifanya ishara ya msalaba. Redio ambayo haikuwahi kuzimwa ilikuwa imezimwa.

Nilikuwa nimeona amepigwa kichwani. Nilikulia mahali ambapo ukikuta nyumba imenyamaza hivyo, huulizi nani amekufa. Unakaa chini. Nikakaa juu ya ndoo ya sabuni. Baadaye nikamfuata bosi nikamuuliza jambo moja tu, mkewe je?

"Watu wa ofisini watamshughulikia," alisema, bila kuinua uso kwenye soksi.

Nikashtuka mara ya pili. Mwanamke kijana, mtoto wa miezi michache, nchi ya ugenini, halafu watu wa ofisini.

Nilitoka nje nikampigia simu mama mmoja wa kanisani kwetu Newburg, Mkongomani wa Uvira, aliyeongoza kwaya ya wanawake na pia misiba yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa.

"Bon," akasema. "Na bibi yake iko na nani?"

Nikamwambia yuko peke yake, wanaume wa timu wamekwenda uwanjani kufanya mazoezi.

"Donc mutu anakufa, benzake banaenda kucheza?"

Akaniambia niende nyumbani nivae shati safi.

Alasiri tulikuwa watu tisa katika magari mawili. Wanawake walikuwa wamefunga vitenge kiunoni na vitambaa kichwani. Nyuma kulikuwa na sufuria ya wali, maharage, kuku wawili, sombe, yaani kisamvu, na kreti ya soda, kwa sababu aliyefiwa hapaswi kuwasha jiko. Nyumba yao niliijua, nilikuwa nimempelekea begi mara moja. Ilikuwa kwenye fleti za matofali, ghorofa ya pili. Tulipanda ngazi tukiimba kwa sauti ya chini, ule wimbo wa kumfariji mwenye msiba ambao hata mimi nisiye na sauti nauweza. Mke wake akafungua mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama akatua sufuria, akamkumbatia, naye yule binti, ambaye hakuwa amewahi kutuona, akaanza kulia begani kwake kwa nguvu. Wote tukalia. Mimi nililia kweli.

Ndipo mdakaji akatoka chooni, amevaa bukta, mtoto begani.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Dada mmoja wa Kirundi alikaa chini pale pale mlangoni kama mtu aliyekatwa magoti. Mwingine akataja jina la Yesu, taratibu, na akabaki ameacha mdomo wazi. Mdakaji alituangalia, akaangalia sufuria, akaniangalia mimi, na shati langu jeupe.

"Primo," akasema, "nani amekufa?"

Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamweleza. Ilinichukua muda, kwa sababu kila nilipofika kwenye utepe wa jina nilianza upya. Nilipomaliza hakucheka. Alimkabidhi mke wake mtoto, akajikalia kwenye mkono wa kochi, na akatueleza yaliyotokea. Kichwa kilikuwa kizima. Daktari alimpima akamwachia. Alipokuwa anafunga kamba za viatu, meneja alimwita chumbani kwake akamwambia timu haimhitaji tena, kuna kijana anakuja kutoka ngazi ya chini. Mazungumzo yenyewe yaliisha kabla hajapata pa kukaa. Akaweka vitu vyake kwenye boksi usiku ule ule. Wenzake walikuwa bado uwanjani.

Nikamuuliza wangapi wamempigia simu.

"Huwa hawapigi," alisema. "Na mimi sikuwahi kuwapigia walioachwa. Ni kama ugonjwa, unaogopa kuambukizwa. Nimeshaachwa miji mingine, primo. Hakuna mtu aliyewahi kuja mlangoni."

Nimewaza mara nyingi kuhusu maneno yale. Kama angekuwa amekufa kweli ningeelewa zaidi. Mtu mzima, hai, mwenye jina, na asubuhi wanaume waliokula naye miezi mitano wanapita mbele ya kabati lake wakiangalia sakafu.

Mama hakuwa ameelewa Kiingereza, kwa hiyo nikamtafsiria. Akafungua kitambaa cha sufuria.

"Bon. Chakula imeshapikwa," akasema. "Mutu akipoteza kazi na iko na mutoto, ile pia ni kilio. Tunakaa."

Tukakaa. Wengine sakafuni, wengine kwenye ngazi. Mdakaji alikula sombe kwa mkono kama sisi, akauliza ni jani gani, akasema kwao mihogo wanakula mizizi tu, majani wanatupa. Dada wa Kirundi, aliyekuwa amepata nguvu tena, akamwambia kwamba ana bahati amekula chakula cha matanga yake mwenyewe, watu wengi hawakionji. Nilipomtafsiria, ndipo akacheka, na mke wake akacheka, halafu akaficha uso kwenye kitenge cha mama. Baba wa mdakaji alikuwa ameshanunua kofia ya safari. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mwanawe ameachwa.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nilimkuta mdakaji anapakia glavu kwenye gari. Alikuwa anakwenda Columbus kuomba ajaribiwe, maana alisikia kule wamepungukiwa. Mke na mtoto wangebaki Newburg kwa yule mama wa kwaya, ambaye hakuwa ameomba ruhusa ya mtu kuamua hivyo. Nikamuuliza kama anahitaji mtu wa kumrushia mpira njiani. Nilikuwa na begi langu begani tayari. Bosi wangu nilimpigia simu kutoka barabarani. Akasema sawa, na hakuuliza ninakwenda wapi.

Columbus tulilala mtaa wa Northland, kwa Mrundi mmoja mpwa wa mchungaji wetu, katika fleti nyuma ya barabara ya Morse. Asubuhi mdakaji aliingia uwanjani kwao na begi lake; mimi nikakaa kwenye gari. Alirudi kabla sijamaliza chapati. Kocha alimtazama akirusha mara chache, akamshukuru kwa kuja. Hakuwa na hasira. Aliniomba chapati. Tulizunguka maduka ya Waafrika ya barabara ya Morse, nikamwonyesha dagaa na unga wa muhogo, na yeye akawa anajibu "sawa" kwa kila kitu, bila kuona chochote. Baba yake alipiga simu tukiwa kwenye foleni. Nilimsikia mdakaji akicheka kwa sauti kubwa kupita kiasi na kusema sí, papá, sí, papá, yaani ndiyo, baba. Alipokata akaweka simu kwenye rafu kati ya makopo ya nyanya, kama kitu kilichomuunguza.

Simu ikalia tena hapo hapo kwenye rafu. Ilikuwa timu ya Buffalo. Walimtaka mdakaji kesho yake mchana, mpaka mwisho wa msimu.

Aliniangalia. Sikumbuki nani alimkumbatia nani, nakumbuka kwamba makopo yalianguka na mwenye duka, Msomali, akatuambia kama tumepata watoto mapacha tuokote nyanya zake kwanza.

Tuliendesha mpaka usiku, tukamalizia asubuhi. Mkewe akabadilisha tiketi ya mzee wa miwa kwa simu, ashukie Buffalo, tukiwa barabarani. Buffalo ilitupokea kwa upepo wa ziwani, wa baridi, na bado ulikuwa mwezi wa nane. Mdakaji aliingia uwanjani kusaini, akaniambia nimsubiri nje. Nilitarajia atatoka na shati jipya analipepea. Akatoka mikono mitupu, uso umemshuka, na kwa mara ya pili msimu ule nikadhani kuna mtu amekufa.

"Kabati walilonipa," alisema, "gundi bado inanata."

Nikaelewa. Jina la mtu lilikuwa limebanduliwa asubuhi ile. Katika furaha yetu yote ya Columbus, hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini wanahitaji mdakaji ghafla.

"Nimeuliza anapoishi," akasema. "Wapi hapa wanauza kuku?"

Tulipata kuku mtaa wa West Side, kwenye duka dogo la Wapuertoriko, pamoja na wali na maharage kwenye mabakuli ya karatasi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, ya zamani, rangi ikibanduka, ghorofa mbili na baraza mbele. Kijana mmoja mwenye nywele nyekundu alikuwa anaingiza maboksi kwenye pikapu. Alimtambua mdakaji kabla hatujasema neno. Besiboli ni kijiji. Akasimama wima.

"Umekuja kuniangalia?" aliuliza.

"Nimekuja kukaa," mdakaji akasema.

Kijana hakuelewa. Nisingemlaumu. Alikunja ngumi kabisa, nami nikawa natafuta pa kuweka mabakuli ili niwe na mikono mitupu. Mdakaji akapita pembeni yake, akakaa kwenye ngazi za baraza, polepole kwa sababu ya magoti, akafungua kuku. Harufu ikatoka. Tukala wawili, kijana akiwa amesimama. Kisha mdakaji akamweleza kuhusu Louisville, wanawake wenye sufuria, wimbo, na yeye kutoka chooni na bukta. Alipofika kwenye dada aliyekaa chini mlangoni, kijana alikuwa ameketi ngazi ya chini yetu. Alitugeuzia mgongo, mabega yakimtetemeka, na hatukumuuliza kama anacheka au analia. Nilimpa paja la kuku. Alilichukua.

Hakuna aliyesema pole kwa kuchukua nafasi yako. Sioni ingesemwaje. Kijana alimwambia mdakaji kwamba mrushaji wao mmoja, mrefu, hurusha mpira chini sana akichoka, ajihadhari na goti la kulia. Kisha akaniuliza mimi nalala wapi. Mdakaji timu ilikuwa imempa hoteli. Mimi sikuwa nimefikiria. Kijana akafuta mikono kwenye suruali, akagonga dirisha la chini, na kumwambia mama mwenye nyumba, kikongwe wa Kiitaliano, kwamba chumba chake cha juu kimelipiwa mpaka mwisho wa mwezi na huyu atakaa. Akanipa ufunguo. Akaendesha pikapu yake kuelekea magharibi, alikosema ni kwao.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili na dirisha moja linaloangalia kanisa. Kwenye kamba ya kuanikia nguo kijana alikuwa amesahau soksi, bado mbichi. Nilizianua nikazikunja jozi jozi, kama nilivyofundishwa, nikaziweka dirishani bila kujua za kumpelekea nani.

Kikongwe akapanda kuniangalia, akishika ukuta. Aliuliza tutakuwa wangapi. Nikasema kwa leo mimi, na juma lijalo mzee mmoja kutoka kisiwani, baba wa mdakaji, kama atapenda kulala karibu na mtu wa kumpikia. Akataka kujua kama mzee huyo anaweza kupanda ngazi. Nikamwambia amekata miwa maisha yake yote, lakini kwa kweli sijui.

Akashuka, akarudi na mto wa pili.